Mwaka Gizella Aliposhika Mbegu

Sokoni katika mji mdogo wa Szentes, Jumatano na Jumamosi, ungemsikia Gizella Bozóki kabla hujamwona. Sauti yake ilipita juu ya mabanda ya asali na jibini, ikazunguka kona ya wauza samaki, ikamkuta mtu akiwa bado anafunga baiskeli yake mlangoni.

"Wee mama wa skafu ya kijani! Hiyo miche haiumi, isogelee! Pilipili hizi zikizaa utawaomba majirani waje wakusaidie kuchuma, na wewe huwapendi majirani zako, najua!"

Watu walicheka, na mtu akishacheka mkono wake huwa njiani kuelekea mfukoni. Ndivyo Gizella alivyouza miche ya pilipili, nyanya na maua ya madirishani tangu alipoolewa, na hakuna aliyewahi kumwona amekosa neno.

Mumewe, Ambrus, sokoni hakuonekana kabisa. Makao yake yalikuwa bandani, lile banda refu la nailoni nyuma ya nyumba, lenye jiko la magunzi na kuni za mgunga katikati. Huko ndiko alikosia mbegu, akahamisha miche, akamwagilia, akafungua madirisha na kuyafunga. Asubuhi aliingia na kikombe cha kahawa, jioni akatoka na magoti yenye udongo. Ukimsalimu aliinua kofia. Ukimwuliza jambo alijibu, ila jibu lake lilikuwa fupi kama mkia wa sungura.

"Mume wangu ameoa banda," Gizella aliwaambia wanawake wenzake. "Mimi ni wa kumpikia tu. Ananikimbia huyo, anaukimbia huu mdomo!" Wakacheka, naye akacheka. Lakini mzaha ukirudiwa miaka mingi huota mwiba, na Gizella akiwa peke yake jikoni, anaona taa ya banda inawaka na bakuli la supu linapoa, mwiba ule ulimchoma.

Januari ile baridi ilikuwa kali, theluji imeganda uwandani hadi macho yanaposhindwa kuona. Adhuhuri kengele ya kanisa ikalia, Ambrus hakuja kula. Gizella akaenda bandani akiwa ameshajitayarishia maneno ya kumfokea. Akamkuta ameketi chini kando ya jiko, ameegemea gunia la magunzi, kofia imemwanguka.

"Mkono umekataa," Ambrus akasema. Maneno yenyewe yalitoka yamepinda.

Kilikuwa kiharusi. Wakamlaza hospitali ya mjini. Baada ya wiki kadhaa ulimi ukamrudia sawasawa na mguu ukaanza kumbeba, ila mkono wa kulia ulibaki ukining'inia ubavuni kama mgeni asiyejua wenyeji.

Binti yao, Emőke, muuguzi huko Graz, akapiga simu. "Mama, mwaka huu fungeni. Pumzikeni. Pilipili zitaoteshwa na wengine."

"Na sisi tutaota nini?" Gizella akamjibu. "Ndoto?"

Akakata simu, akavaa koti la mumewe, akaingia bandani.

Sasa, mtu aweza kuishi hatua chache kutoka penye kazi maisha yake yote asiijue kazi yenyewe. Gizella aliijua miche ikiwa imesimama kwenye trei, imenawiri, tayari kwa kusifiwa. Ilivyofika hapo ilikuwa siri ya Ambrus. Akateremsha makopo ya mbegu kutoka rafuni, akajaza trei udongo, akamwaga mbegu za pilipili kwa mkono wa ukarimu kama anayetia chumvi kwenye sufuria ya harusi. Akafukia. Akamwagilia. Akachochea jiko mpaka nailoni ikatoa jasho. Jioni akamwagilia tena, maana aliona uso wa udongo umepauka, akaingiwa na huruma.

Miche ikaota. Siku ile Gizella alitembea kati ya trei mikono kiunoni, akizungumza nayo kwa sauti ya sokoni. "Haya, amkeni wanangu! Aliyesema siwezi ajitokeze!"

Asubuhi moja akaona pembe ya trei moja miche imelala, kama majani yaliyolaliwa na mbwa. Kesho yake trei nzima. Keshokutwa, trei ya pembeni yake. Mashina yalikuwa yamekuwa membamba kama uzi pale yanapotokea udongoni, yakakatika yenyewe. Aliyainua kwa kidole, yakaanguka. Hakulijua jina la ugonjwa ule, kinyausi, ila alijua kifo akikiona.

Wa kwanza kuyaona hayo alikuwa mtu ambaye Gizella asingetaka ayaone. Rezső Kocsor, mgane wa miaka mingi, alikuwa na kitalu chake ng'ambo ya barabara, na yeye na Ambrus walikuwa wakishindana tangu ujana ni pilipili za nani zitatangulia sokoni. Hawakuwahi kununiana, wala hawakuwahi kusifiana. Alibisha mlango wa banda, akaingiza kichwa chenye kofia ya manyoya, akazitazama zile trei. Kisha akashindwa kujizuia.

"Gizi, hii miche uliilea au uliizamisha?"

"Kama umekuja kucheka, cheka upesi, nina kazi."

"Sijaja kucheka. Nimecheka tu nilipofika."

Gizella akamgeuzia kisogo, akajifanya anapanga ndoo. Rezső akaona mabega yanavyotikisika, akatoka bila kuaga. Baada ya muda mlango ukafunguka tena, akaingia kinyumenyume amebeba trei za miche ya pilipili, midogo, imesimama wima kama wanafunzi mbele ya mkaguzi.

"Chukua. Nilisia nyingi mno."

"Muongo."

"Haya, ni muongo. Chukua hivyo hivyo, mgongo unaniuma."

Akazichukua. Alitaka kumshukuru, badala yake akamwambia kwamba viatu vyake vimemchafulia sakafu. Rezső akatazama sakafu ya udongo, akaenda zake akitikisa kichwa.

Mwanzoni mwa Machi Ambrus akarudishwa nyumbani. Alikaa jikoni karibu na dirisha, blanketi magotini, uso wake upande mmoja bado umelegea. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile Gizella aliloliogopa.

"Mbegu?"

"Nimesia. Kila kitu kinakwenda vizuri. Wewe kula."

"Nione."

Akamletea trei moja, akaishika mbele yake kama mtu anayeonyesha mtoto wa kubatizwa. Ambrus akaiangalia kwa muda mrefu. Akaendelea na supu yake ya kuku kwa mkono wa kushoto, tambi zikimponyoka kijikoni. Gizella akashusha pumzi.

Kesho yake, wakati Gizella yuko bandani, akasikia fimbo ikigonga njia ya matofali. Kugonga, kimya, kugonga. Ambrus alikuwa anakuja peke yake, koti amelivaa upande mmoja tu. Akaingia, akaketi kwenye kiti chake nyuma ya jiko, akatulia mpaka pumzi zikamrudia.

"Pilipili za Rezső zinaendeleaje?"

"Za Rezső gani?"

"Hizo ulizonionyesha jana. Pilipili zangu shina lina zambarau kidogo kwa chini. Hizo ni nyeupe kama soksi za padri."

Gizella, mwanamke aliyewanyamazisha madalali na wakaguzi wa soko, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamweleza yote. Alivyosia, miche ilivyolala, Rezső alivyokuja. Akasubiri radi.

"Ulikuwa unamwagilia lini?" Ambrus akauliza.

"Asubuhi. Na jioni. Na mchana nikipita."

Ambrus akafikiri. "Maskini. Zimekufa lakini zilikwisha jifunza kuogelea."

Akacheka kwa ule upande wa uso uliokuwa tayari kucheka. Gizella akamtazama yule mtu aliyepinda, koti begani, akacheka naye, akacheka mpaka akalia, na alipomaliza kulia akafuta pua kwa mkono wa udongo na kusema, "Haya basi, nifundishe, baba. Ila ukinipigia kelele nakurudisha jikoni kwa toroli."

Wakaanza upya. Wakati wa kusia pilipili ulikuwa umeanza kupita, lakini nyanya zilikuwa bado, na maua pia. Ambrus alikaa kitini na fimbo yake, akielekeza kama kondakta wa bendi. Mbegu zisirundikane, kila moja ipate nafasi ya kupumua. Udongo ukandamizwe kwa kibao, si kwa ngumi. Maji yatolewe asubuhi tu, kwa ile keni ndogo ya kumwagilia, yenye matundu kama ya sindano, na kabla ya hapo kidole kiingie udongoni kiulize kama maji yanahitajika.

"Kidole kiulize?" Gizella akasema. "Mimi nina mdomo."

"Huo utumie sokoni. Udongo hausikii."

Kazi iliyomshinda zaidi ilikuwa ya kuhamisha miche kutoka trei ya mbegu kwenda kwenye vikombe vyake. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimezoea kupima, kuelekeza na kupungia watu. Vikigusa mche, mche ulikatika.

"Shika jani," Ambrus alisema. "Jani! Usishike shina."

"Nimeshika jani!"

"Hilo ni shina. Jani likikatika litaota jingine. Shina likikatika basi."

"Fimbo hiyo ukiinyoosha tena naitia motoni iwake."

"Itie. Nitaelekeza kwa mguu."

Siku kadhaa walizozana hivyo, na Rezső akipita barabarani alisimama kusikiliza, maana redio yake ilikuwa imeharibika. Kisha, polepole, kelele zikapungua. Si kwamba walipatana, ila kazi ile haikuruhusu maneno. Ukisema, mkono unatikisika. Gizella akawa anazuia pumzi, anaingiza kijiti, anainua mche kwa jani lake, anaushusha ndani ya tundu, anabana udongo kwa vidole viwili. Mwingine. Mwingine. Siku moja kengele ya adhuhuri ikalia, akashtuka kugundua kwamba tangu kahawa ya asubuhi hakuwa amesema neno, na hakuna kilichomuuma.

Mchana mwingine Ambrus alikuwa ameenda kwa mtu wa mazoezi ya viungo mjini. Gizella, mgongo umechoka, akajitupa kwenye kile kiti nyuma ya jiko. Hakuwahi kukikalia hata siku moja. Aliona mto wa kiti aliokuwa ameutupa zamani kwa sababu umetoboka. Aliona chupa ya pálinka, ile pombe kali ya plamu, imebaki vidole viwili. Akaona pia kwamba mbele ya kiti, katikati ya nailoni yote ile yenye ukungu, palikuwa na kioo kimoja cha dirisha, kipana kama kitabu kilichofunguliwa, kimefutwa kikang'aa. Akainama, akatazama. Kioo kilionyesha lango la uani na kipande cha barabara. Kitu kingine hakikuonekana.

Alikaa pale mpaka jiko likahitaji kuni. Kila aliporudi kutoka sokoni miaka yote hiyo, Ambrus alikuwa tayari amesimama langoni kupokea trei tupu. Yeye alidhani sauti yake ndiyo iliyomtangulia.

Hakumwuliza siku ile. Kuna maswali ambayo hata mwenye mdomo mpana huyazungukazunguka kwanza.

Pasaka ikaja Aprili, uwanda umeota kijani na korongo wamerudi kwenye nguzo za umeme. Jumatatu ya Pasaka, kama ilivyo ada, wanaume hutoka nyumba hadi nyumba kuwamwagilia wanawake wasije wakanyauka, na wanawake huwalipa kwa mayai yaliyopakwa rangi. Rezső alifika mapema, nywele zimelowa mafuta, akamnyunyizia Gizella manukato yanayonuka kama duka la kinyozi, akapokea yai lake, glasi yake, na kipande cha paja la nguruwe chenye mzizi uliokunwa wa kuwasha pua, akaondoka akiimba kuelekea nyumba inayofuata. Wakaja na wengine wa mtaani. Ambrus hakusogea kitini.

Gizella hakutarajia kitu. Wakiwa vijana Ambrus alimvuta mpaka kisimani akammwagia ndoo nzima, mama mkwe akipiga makofi. Baadaye ikawa kikombe. Baadaye vidole vilivyochovywa majini, haraka haraka, huku mtu anawahi bandani. Mwaka huu mkono wenyewe ulikuwa haupo. Alasiri akaenda kuangalia maua, sikukuu au si sikukuu, maana miche haina kalenda.

Alikuwa ameinama juu ya trei za petunia aliposikia nyayo. Ambrus amesimama nyuma yake bila fimbo. Mkono wa kushoto umeshika ile keni ndogo, imejaa, na maji yanamwagikia viatu vyake.

"Simama wima," akasema.

"Utaanguka, mzee."

"Simama wima, mama, nimejifunza shairi." Akakohoa, akatazama nailoni ya juu. "Ua langu la mlangoni, usinyauke mapema, nimekuja na maji yangu, nipe ruhusa... nipe ruhusa..." Akasimama. Midomo ikatafuta. "Mengine yamepotea."

"Ruhusa nimekupa."

Akainua keni kadiri mkono wa kushoto ulivyoweza, nayo ikapinda, maji yakamwingia Gizella kwenye kola, yakashuka mgongoni, baridi kama wembe. Akapiga ukelele uliosikika mpaka kwa Rezső. Wote wawili wakabaki wametota, mmoja mgongo, mwingine viatu, wakashikana wasianguke.

Alipokuwa akimkausha miguu mbele ya jiko, Gizella akauliza bila kuinua uso.

"Ambrus. Miaka yote hii ulikuwa ukinikimbia?"

"Nani?"

"Wewe. Humu ndani. Ukinikimbia mimi na mdomo wangu."

Safari hii jibu la Ambrus halikuwa fupi. "Nilikuwa nawakimbia watu. Tangu mtoto. Mtu akinitazama akisubiri niseme, kichwani panakuwa peupe. Nilipokuoa nikasema, afadhali, huyu atasema kwa niaba yetu wawili." Akachezesha vidole vya miguu kwenye taulo. "Wewe sikukukimbia. Wewe nilikuwa nakusubiri urudi."

Gizella akasugua ule mguu kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. "Ungeniambia, fala wewe," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini hivi kwamba Ambrus alilazimika kuinama.

Mwisho wa Aprili miche ikawa imejaa kila mahali: bandani, chini ya baraza, hata kwenye ngazi za jikoni. Wakati wa soko ulikuwa umefika, na hapo ndipo hesabu ilipogoma. Nyanya zilitaka kutolewa nje kila asubuhi zizoee upepo na kurudishwa kila jioni, maua yalitaka kukatwa ncha ili yatanuke, na mikono iliyokuwepo ilikuwa miwili, yote ya Gizella. Akalitafakari hilo akipaka mkate mafuta ya nguruwe, akakata kitunguu, akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Jumamosi utakwenda wewe sokoni."

Ambrus akaacha kutafuna. "Mimi siwezi."

"Banda linataka mikono miwili. Soko linataka mkono mmoja wa kutoa na mdomo wa kusema. Mdomo unao, juzi nimeusikia."

"Gizi. Nitasema nini?"

"Unachokijua. Mimi mwezi wa pili sikujua kitu, na nusu ya trei nilizika. Na wewe nenda kazike zako."

Rezső, ambaye banda lake sokoni lilipakana na lao, alikubali kumchukua kwenye gari lake dogo. Jumamosi hiyo Ambrus alikaa mbele amevaa shati la kanisani, uso mweupe kama chokaa, kama mtu anayepelekwa jeshini. Gizella alipunga mkono langoni, kisha asubuhi nzima akafanya kazi kwa kutupatupa vitu.

Saa sita gari likarudi. Akaenda kupokea trei. Karibu zote zilikuwa zimerudi na miche yake.

"Watu hawakuja?"

"Walikuja," Ambrus akasema, akishuka kwa uangalifu. "Wengi."

"Walitaka nini?"

"Nyanya."

"Na wewe ukawaambia nini?"

"Nikawaambia ni mapema mno. Warudi baada ya Watakatifu wa Baridi."

Gizella akafumba macho. Hakuna mtoto wa uwandani asiyewajua Pongrác, Szervác na Bonifác, wale watatu wa katikati ya Mei wanaosemekana huja na jalidi ya mwisho na kuunguza chochote kilichopandwa kwa pupa. Lakini muuza miche anayewataja watakatifu hao mbele ya mteja ni sawa na muuza mvinyo anayehubiri maji.

"Rezső, na wewe umeuza?"

Rezső alikuwa ameegemea gari, anajifuta machozi ya kicheko. "Zote, Gizi! Kila aliyemfukuza alihamia kwangu. Mlete kila siku, nakuomba. Nitamlipa mshahara!"

Gizella alikuwa na maneno ya kumtosha Ambrus mpaka Jumatano. Akafungua kinywa, akamwona Ambrus anavyomtazama, si kwa aibu, bali kwa namna ya mtoto aliyetoka kuogelea mara ya kwanza.

"Walikaa, unajua," Ambrus akasema. "Baada ya kuwafukuza. Bibi mmoja, Vilma, alibishana nami kuhusu konokono mpaka kahawa yake ikapoa. Amekosea kabisa. Jumatano atarudi nimwonyeshe."

Basi akaenda Jumatano, na Bibi Vilma akarudi, na shemeji yake, na mzee mmoja mwenye waridi linaloumwa. Ambrus hakuita mtu. Alikaa kwenye kigoda kati ya trei, na mtu akishika mche alimwambia ukweli: huu uko tayari, huo bado, wewe udongo wako ni wa mfinyanzi, usinunue hiki, utanilaumu. Hakusifu kitu. Polepole ikawa mtu akiambiwa na Ambrus "huu chukua," aliubeba kama aliyepewa nishani. Trei zilirudi zikiwa tupu zaidi kila mara, isipokuwa za nyanya. Kuhusu nyanya hakutikisika.

Watakatifu wakaja. Wilaya nzima ilifunika bustani kwa mashuka na magunia, na waliomsikiliza Ambrus wakakaa barazani wakingojea jalidi iwape haki. Siku ya Pongrác ilikuwa ya joto. Ya Szervác ikawa ya joto zaidi. Siku ya Bonifác watu walivua masweta, nyuki walijaa kwenye migunga iliyochanua, na jalidi haikuonekana hata ukucha wake.

Jumamosi iliyofuata soko zima lilikuwa likimngojea. Gizella alijua itakavyokuwa, maana yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kwenye kejeli ile. Saa tatu hakuvumilia tena. Akaacha keni chini, akachukua baiskeli, akapiga pedali hadi mjini, akajibanza nyuma ya banda la muuza asali.

"Ambrus!" mchinjaji alikuwa akipaza sauti kutoka ng'ambo. "Huyo Pongrác wako kapita kwangu amevaa kaptura!"

Watu wakaangua kicheko. Gizella akamwona mumewe anakuwa mwekundu mpaka masikioni, akaona pale mahali peupe kichwani panafunguka. Mguu wake ukatangulia kumwendea, mdomo ukiwa umeshajaa risasi. Lakini Ambrus aliinua mkono wa kushoto.

"Kaptura alivaa," akasema taratibu. "Ila koti alibeba mkononi. Ungemwangalia vizuri ungenishukuru."

Mstari mzima wa mabanda ukalipuka kwa kicheko, mchinjaji akipiga meza kwa kiganja. Bibi Vilma akasukuma watu kwa kapu lake. "Haya, umenichelewesha bure, mzee mkaidi. Sasa nipe hizo nyanya, na usithubutu kunikataza tena!"

"Leo chukua," Ambrus akasema.

Foleni ikajipanga. Gizella alisimama nyuma ya mitungi ya asali akitazama mkono ule mmoja unavyotoa miche, unavyochora hewani namna ya kuchimba shimo. Alijisikia fahari, na chini ya fahari, wivu mdogo wa mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa na mtu anayekitosha. Hakujitokeza. Alinunua lángos, mkate wa kukaanga wenye vitunguu saumu na malai, akaila amesimama, mafuta yakimtiririka kidevuni, akapanda baiskeli akarudi kwa miche yake.

Kufikia Juni banda lilikuwa tupu, joto ndani lisilovumilika, nailoni imekunjwa pembeni. Mkono wa Ambrus ulikuwa umefika mahali pa kushika kijiko, lakini kifungo cha shati ulikuwa bado hauwezi. Emőke alikuja kwa siku tatu na chupa ya mafuta ya kuchua, akakuta wazazi wake wanaosha trei uani, wamekasirikiana.

"Mwaka ujao tunapunguza pilipili," Ambrus alikuwa akisema. "Watu wanataka maua. Wananiambia. Mimi ndiye ninayekaa nao."

"Na mimi ndiye ninayekaa bandani, na petunia zinachosha, zina gundi, zinanata vidoleni. Pilipili hazipungui hata moja."

"Mwulize Rezső kinachouzwa."

"Rezső!" Gizella akaita, na sauti ile ya zamani ikavuka barabara bila kugusa chini. "Njoo uhukumu! Maua au pilipili?"

Kichwa cha Rezső kikatokeza juu ya ua, kikawatazama wote wawili.

"Mimi nina kazi," akasema, na kichwa kikazama.

"Pilipili," Gizella akamwambia mumewe.

"Maua," akajibu Ambrus, akamsogezea trei nyingine aioshe.